Chembe Nyeupe Chini ya Boya

Jumatatu, 1 Desemba

Naanza kuandika kwa sababu ya hasira, wala sitafuti sababu nzuri zaidi ya hiyo. Asubuhi, nikitoka sokoni na kikapu, nimekutana na Dkt. Zaki kwenye uchochoro wa Mkomani ambao watu wawili wenye mizigo hawapishani. Akajibana ukutani anipishe. "Bi Lubna! Hujambo? Huko shuleni wanakutunza?" Alitabasamu kama mtu aliyenifanyia hisani. Nikamjibu sijambo, alhamdulillahi, nikapita. Nilipofika nyumbani niliona nimezikamua nyanya zote kwa mkono wangu mwenyewe.

Miaka minne nilifanya kazi chini yake katika kituo cha utafiti wa bahari hapa Amu. Nilijenga modeli ya kompyuta. Jambo lenyewe si gumu kulieleza, ingawa kulikokotoa ni kazi ya kupoteza nywele. Juu ya bahari kuna vijimea visivyoonekana kwa macho, navyo huvuta kaboni ya hewani. Vinakufa, au vinaliwa na vidudu vikawa mavi, na mabaki yanashikamana yakawa chembe zinazozama. Njiani bakteria wanazitafuna. Chembe ikizama upesi inafika kilindini na kaboni yake, na huko kaboni itakaa mamia ya miaka. Ikichelewa inaliwa, na kaboni inarudi juu. Modeli yangu inakokotoa mashindano hayo, hapa hapa kwetu, nje ya miamba ya Ndau ambako sakafu ya bahari inateremka ghafla.

Julai ya mwaka jana makala ikatoka kwenye jarida la nje. Modeli yangu yote imo. Jina ni lake. Langu liko mwishoni, kwenye shukrani, baada ya dereva wa boti. Nilipolalamika, alisimama ukumbini mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Bi Lubna alitusaidia kuchapa." Watu wakacheka. Mkataba wangu ulipoisha sikupewa mwingine, na sasa nafundisha hesabu shule ya wasichana.

Nataka jina langu lirudi kwenye kazi yangu. Na nataka yeye aanguke ukumbi uleule, mchana, watu wakitazama.

Alhamisi, 4 Desemba

Shule zimefungwa. Kaskazi imeanza kuvuma kidogo kidogo. Sikufanya kitu.

Jumanne, 9 Desemba

Zaki ana mwanafunzi mpya. Anaitwa Huwaida, ukoo wake ni wa hapa Amu lakini amekulia Mombasa, na amekalia kiti changu. Nilijua haya kutoka kwa watu. Leo amekuja mwenyewe kubisha mlango, amebeba kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Nilimwacha asimame barazani muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Bi Lubna, samahani," akasema. "Ndani ya programu kuna maelezo ya Kiswahili. Mahali pamoja pameandikwa, 'Usiguse hapa, utalia.' Dkt. Zaki haandiki kazi yake kwa Kiswahili. Nikauliza ni nani aliyeandika, hakuna anayetaka kunijibu. Mfagizi ndiye aliyenitajia wewe."

"Na ulipagusa?"

"Niligusa," akasema. "Nikalia."

Sikutaka kucheka lakini nilicheka. Kisha nikajikumbusha ni mwanafunzi wa nani. Nilimwelekeza kosa lake, nikampa kahawa, nikamsindikiza. Nilijiambia huyu ni dirisha la kuchungulia nyumba ya Zaki, na dirisha halifungwi.

Jumatatu, 15 Desemba

Huwaida amekuja tena. Ameniletea visheti vya shangazi yake. Anataka kujua kwa nini niligawa chembe katika makundi kwa ukubwa. Anauliza vizuri, lazima niseme. Kuniuliza mimi anamficha Zaki.

Jumapili, 21 Desemba

Nimekuja Ndau kumwona Mama. Kaka yangu Abubakr na wenzake wamepandisha chombo mchangani wanakipaka deheni, ile shahamu ya ng'ombe iliyochemshwa na kuchanganywa na chokaa ili funza wasitoboe mbao. Ufuo mzima unanuka. Vijana wengi siku hizi wanatumia rangi ya dukani, lakini Abubakr anasema rangi haina baraka.

"Lubna, ndoo ule," akaniita nikale, mikono yake myeupe hadi viwikoni. Tukala muhogo na samaki chini ya kivuli cha chombo.

Nikamuuliza wanavua wapi msimu huu.

"Nde kulee," akaonyesha bahari kuu, "penye boya lenu la manjano. Kule nanga haifiki tini. Zamani tulikuwa twapeperuka mtana kutwa. Sasa kituo kimetutilia gati ya bure, twafunga kamba hapo twavua. Vyombo vitatu, vinne, vyote vya Ndau."

"Msikate kamba ya watu," nikamwambia.

"Twaikata vipi, na ndiyo ituwekao?"

Akacheka, nikacheka. Mama alitaka kujua kama wale watu wa kituo wamenirudishia kazi yangu. Nikamwambia bado. Akasema Mungu hamsahau mja, akageuza uso. Mama aliwahi kuieleza Ndau nzima kwamba mwanawe anaandika kitabu cha bahari. Tangu makala ile hatembei sana.

Jumatano, 24 Desemba

Nimerudi Amu. Joto.

Jumanne, 6 Januari

Leo nitaandika mengi, kwa sababu nimelipata nililokuwa nikilitafuta.

Chini ya lile boya la manjano kuna kamba ndefu, na kwenye kamba kuna mtego: faneli kubwa iliyofunguka juu, na chini yake vikombe vinavyobadilishana zamu kila wiki. Chochote kinachozama kinaingia kikombeni. Ndivyo tunavyoijaribu modeli, kwa kuilinganisha na kilichoanguka kweli. Vikombe vimepandishwa juzi. Huwaida amekuja alasiri na kichupa kimoja, macho yanang'aa.

"Dada Lubna," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza ameniita dada, "tazama chembe hizi nyeupe. Zimejaa. Tulipoziweka kwenye mtungi wa maji zilizama mbio, sijapata kuona. Na zina kaboni nyingi sana. Dkt. Zaki amefurahi hadi ameninunulia soda. Lakini sizijui ni nini. Nimeona nije kwako kabla sijaandika kitu."

Nikazitazama kwenye hadubini yangu ya shule. Vipande vyeupe visivyo na umbo. Havikuwa gamba la kitu chochote kilichopata kuwa hai.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Huwaida akaomba msala, akaingia chumba cha ndani kusali. Mimi sikuwa na sala siku hiyo. Nikachukua chembe chache kwa ncha ya sindano, nikaziweka kwenye kijiko, nikakipitisha juu ya moto wa jiko. Ziliyeyuka. Ukabaki unga mweupe, na chumba kikanuka ufuo wa Ndau.

Deheni. Vyombo vinafungwa kwenye boya, vinasuguana, deheni inabanduka inaanguka mtegoni moja kwa moja. Shahamu ni kaboni, na chokaa ni uzito wa kuizamisha. Kwa modeli ni chembe kamilifu: imeshiba kaboni na inazama kabla bakteria hawajafumbua mdomo. Zaki anafikiri amegundua bahari inayomeza kaboni kuliko bahari zote. Amegundua chombo cha kaka yangu.

Zaki ni mtoto wa Amu. Angeshuka kwenye boti mara moja tu, angeona vyombo vimefungwa pale. Angekinusa kichupa. Lakini yeye hushughulika na picha za rangi ukutani, vikombe ni vya wengine.

Nikafungua dirisha. Huwaida akatoka, amekunja msala vizuri kuliko alivyoukuta.

"Umeona nini, dada?"

Nilikuwa na nafasi. Neno lenyewe lina silabi tatu, lingeweza kutoka.

"Sijui," nikasema. "Labda ni magamba ya vijimea vya chokaa. Viko vinavyozamisha chembe nyingine kwa uzito."

Akaandika. Akanishukuru. Mlango ulipofungwa nilikaa chini nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaosha kijiko kwa mchanga na ndimu.

Ijumaa, 9 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimewafundisha wasichana sehemu na asilimia. Nina furaha, na wao wameiona, wakaniomba niwapunguzie kazi ya nyumbani. Nikawapunguzia.

Alhamisi, 15 Januari

Kaskazi kali. Maboti ya Mokowe yanalowesha abiria hadi nguo za ndani.

Jumapili, 18 Januari

Huwaida amekuja na michoro. Wamezitia chembe nyeupe ndani ya modeli yangu, wakaipa kasi ya kuzama waliyoipima mtungini, na kaboni inayofika kilindini imepanda mara tatu. Nilitazama mstari unavyopanda. Modeli yangu ni tiifu. Ukiipa uongo, inaukokotoa kwa uaminifu uleule.

"Kweli haikushangazi?" akaniuliza.

"Bahari ina mengi," nikasema.

Amenieleza habari zake. Mama yake ni mjane. Ufadhili wake utaamuliwa na wageni watakaokuja Februari. Wakiridhika, atasoma hadi udaktari. Wasiporidhika, atarudi Mombasa kukaa dukani kwa mjomba. Alikuwa akizungumza huku ananisaidia kuchambua mchele. Mikono yake haina uvivu.

Alipoondoka niliona mchele wote umechambuliwa, na sehemu yangu pia.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeamua kumwambia kesho.

Jumanne, 20 Januari

Sikumwambia. Nilikuwa njiani kwenda, wallahi, nimevaa buibui na viatu. Pale mbele ya jeti nikamkuta Zaki anahojiwa na watu wa redio. Amevaa kanzu mpya na koti juu yake. Nikasimama nyuma ya punda aliyebebeshwa mawe nikasikiliza. "Nilipoanza kuijenga modeli hii," akasema, "wengi walinicheka." Walimcheka yeye! Akaendelea kueleza jinsi alivyokaa macho akisaka kosa katika kasi ya kuzama. Kosa lile nilikaa nalo mimi, Ramadhani nzima, daku langu likipoa mezani. Ameniibia hata uchovu wangu.

Nikarudi nyumbani. Huyo msichana ana umri mdogo, atapata ufadhili mwingine. Mimi nina arobaini na moja.

Jumamosi, 24 Januari

Wageni watakuja tarehe kumi na mbili Februari. Mkuu wao ni Profesa Bramwel wa Nairobi, mzee asiyependa mchezo. Nimeyapanga maneno yangu. Nikisimama mimi, Zaki atasema ni kinyongo cha mtu aliyekosa mkataba. Akiuliza Profesa, atajibu nini?

Jumatano, 28 Januari

Nimemwomba Abubakr aniletee kipande cha deheni. Akauliza nina chombo gani cha kupaka. Nikamwambia nakwenda kupaka mtu.

Jumapili, 1 Februari

Huwaida hakuja. Nikajikuta nimeandaa vikombe viwili.

Ijumaa, 6 Februari

Amekuja, amekonda. Zaki anamfanyisha kazi kama punda. Anasema siku ya mkutano Zaki atazungumza mwenyewe, yeye atabonyeza picha tu. Hapo nilishusha pumzi, nikamshika mkono nikamwambia ajitahidi. Basi, jambo limekaa sawa: atakayeanguka ni mmoja, yeye atakuwa pembeni gizani. Nililala vizuri.

"Dada Lubna, utakuja?" aliniuliza mlangoni.

"Siwezi kukosa."

"Njoo ukae mbele. Nataka uje ukae mbele."

Nilidhani anaogopa watu.

Jumatano, 11 Februari

Upepo umekatika ghafla. Nimepiga pasi nguo yangu ya Idi.

Alhamisi, 12 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilikwenda hoteli aliyofikia Profesa Bramwel nikamkuta anakunywa chai peke yake. Nikajitambulisha. Nikaweka mezani kichupa cha deheni ya Abubakr, nikamweleza yote: boya, vyombo, chokaa, shahamu. Akakifungua, akakinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Una hakika?"

"Iyeyushe mwenyewe, Profesa."

Akaagiza mshumaa na kijiko kwa mhudumu. Akayeyusha pale pale kwenye kitambaa cha meza. "Nitamuuliza mbele ya watu," akasema. "Jambo hili limekwenda redioni, haliwezi kumalizwa pembeni." Nikamwambia hilo ndilo ninalolitaka. Hakuniuliza kwa nini nimengoja hadi leo.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele kama nilivyoombwa. Zaki akawakaribisha wageni, akasoma dua, akajisifu kwa maneno machache. Kisha akasema, "Sisi tunaamini vijana. Leo nitamwachia jukwaa mwanafunzi wangu." Akaenda kukaa, akavusha mguu mmoja juu ya mwingine. Baadaye nilisikia kwamba Huwaida ndiye aliyemwomba nafasi hiyo, siku tatu akimbembeleza.

Huwaida akapanda. Alinitazama mimi tu. Akabonyeza. Picha ya kwanza ukutani ilikuwa na maneno machache, kwa herufi kubwa:

*Modeli hii imejengwa na Bi Lubna Abdalla wa Ndau.*

"Kabla sijasema lolote," akasema, na sauti ikapata nguvu, "kila hesabu mtakayoiona leo ni kazi ya mtu huyu. Nimeisoma mstari kwa mstari, ni mkono wake. Jina lake lilitolewa. Najua naweza kufukuzwa kwa kusema hivi, lakini siwezi kusimama juu ya kazi ya mtu nikajifanya sijui ni ya nani."

Karibu miaka miwili nimeota kuona yale maneno kwenye ule ukuta. Watu walipiga makofi. Bibi mmoja nyuma yangu alinigusa bega. Zaki alikuwa ameshuka rangi, amekaa wima, na mimi sikupata utamu wowote, kwa sababu nilikuwa nimegeuka ninamtafuta Profesa Bramwel. Nilimwona. Kichupa kiko mkononi mwake. Nikatikisa kichwa, usifanye, nikainua mkono kabisa. Aliniitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayemwambia mwenzake usijali, sijasahau.

Huwaida aliwasilisha vizuri. Alieleza mbio za chembe na bakteria kwa maneno yangu, yale niliyomfundisha tukichambua mchele. Alipofika kwenye chembe nyeupe, mstari ukapanda ukutani chini ya jina langu.

Profesa akasimama. Hakumwonea, alizungumza polepole. Akaeleza boya linatumiwa na nani na vyombo vinapakwa nini. Akakipitisha kichupa mstari kwa mstari, na watu wa Amu hawakuhitaji hadubini. Nilisikia mtu akisema, "Lo, deheni hii!" na kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Ukumbi uleule, kicheko kilekile. Lakini aliyesimama jukwaani hakuwa Zaki.

Huwaida alisubiri kicheko kikome. Kichupa kikamfikia. Akakinusa.

"Niliuliza," akamwambia Profesa, taratibu. "Kabla sijaandika kitu nilimpelekea Bi Lubna chembe hizi nyumbani kwake. Akaniambia ni magamba ya vijimea." Kisha akanigeukia. Hakukasirika. Alikuwa anataka kusaidiwa, kama siku zote. "Dada Lubna, ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema sikujua. Profesa alikuwa pale, kichupa ni changu.

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda kusali."

Huwaida akatazama chini, akaanza kukunja waya wa kompyuta, anaukunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko. Na hapo Zaki akainuka. Alikuwa amerudiwa na rangi yake. Akafungua mikono miwili kwa wageni.

"Waheshimiwa," akasema, "mmesikia wenyewe, na mmeona ukutani. Modeli si yangu. Ni ya Bi Lubna."

Jumamosi, 14 Februari

Nimekwenda Langoni kwa shangazi yake Huwaida. Akanifungulia mlango nusu. Huwaida amepanda basi la Mombasa jana, ameacha hata vitabu. Nikaomba namba yake mpya. Shangazi akasema hajaachiwa ruhusa ya kunipa.

Zaki bado yuko ofisini kwake. Kituo kimetoa tangazo kwamba matokeo yamefutwa kutokana na dosari katika modeli, na mwenye modeli ametajwa kwa jina kamili, pamoja na kijiji.

Jumatatu, 16 Februari

Mama amepiga simu kutoka Ndau, nyuma yake kuna vigelegele. Abubakr alipata habari kwa mtu aliyekuwa ukumbini, aliyeondoka baada ya makofi ya mwanzo kuwahi boti. Wamesikia jina langu liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa mbele ya maprofesa, na msichana mmoja wa watu akasimama akanitetea. Mama anataka kumpikia huyo msichana. Anauliza nitakwenda naye lini.

Nikamwambia nitamuuliza.